Mkono Wangu Ndani ya Bomba la Mapambo

Hili nalisema huku nimeinamisha uso, maana hadi leo nikipita sokoni Ilongero hakosi mzazi wa kuniuliza, "Mwalimu, mkono umepona?"

Nafundisha darasa la kwanza, na mapambo yangu ya ukutani (herufi, wanyama, matunda, yote nimeyakata mwenyewe kwa manila) yalikuwa yanaliwa na panya kila likizo, basi nikajiona fundi, nikaokota bomba la plastiki lililobaki kwenye ujenzi wa choo cha shule, nikaliziba upande mmoja, nikalipaka rangi, nikayaviringisha mapambo yote humo. Walimu wenzangu wakanisifu, kichwa kikavimba.

Siku ya kikao cha wazazi, afisa elimu wa kata naye yupo, mwalimu mkuu akasema, "Mwalimu Rehema, hebu waoneshe ubunifu wako." Nikasimama kwa maringo. Ningeligeuza tu bomba yakamwagika, lakini nikaona si ustaarabu, nikazamisha mkono wa kulia mpaka juu ya kiwiko, nikayashika, nikavuta, wapi! Bangili imekwama. Kadiri nilivyovuta ndivyo mkono ulivyozidi kuvimba, na watoto dirishani (mnawajua) wakaanza kunihesabia: "Moja, mbili, vuta!"

Hapo ndipo akaingia mwenyekiti wa kijiji, mzee wa watu amechelewa, anasalimia mstari wa mbele mmoja mmoja kwa mkono. Akanifikia. Sasa mzee kama yule nimpe mkono wa kushoto? Nikapiga goti. "Shikamoo, babu." Nikamnyooshea bomba.

Akalipokea kwa mikono miwili, akalitikisa taratibu. "Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa kuvunjika. Mungu atakuponya."

Jamani, watu walicheka mpaka afisa elimu akavua miwani, afute machozi.

Mpishi wa uji akaja mbio na mafuta ya alizeti, akanimiminia nusu chupa. Mkono ukachomoka, mimi nikaenda chali, na mapambo yakafuata yanachuruzika, simba kagandana na embe, herufi hujui ipi A ipi H. Kazi ya likizo nzima! Nilijitia kucheka na wao, halafu nikaenda stoo nikalia kweli.

Nimeapa: nikitengeneza kitu tena, nitakifungua kwanza nyumbani kwangu, mlango nimeukomea, kabla sijakileta mbele za watu.