Pedali za Kunasa Kiatu Ndosho

Juma lililopita, mbele ya karakana moja ya baiskeli huko Ndosho, mjini Goma, binti mmoja alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Jumapili kwa pedali zinazonasa kiatu. Kila alipopunguza mwendo juu ya mawe ya volkano, alitaka kuweka mguu chini, kiatu kikagoma, akaanguka. Nilihesabu: mara tatu katika mita ishirini.

"Ni kuzoea tu," fundi alimwambia. "Zinaongeza nguvu."

Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyesimamisha viazi vyake ili atazame, alicheka akishika mbavu. "Dada, hapa Goma tunakimbiaka vita kila mara. Siku masasi inalia, utaambia nani akufungue miguu?"

Mimi niliyeukimbia mji huu mara nne, zote kwa miguu, nilicheka pamoja naye.

Binti naye alicheka, angali chini. "Papa fundi, uniwekee zile za kawaida. Hata nikishindwa, nishindwe nikiwa nasimama."

Jumapili alimaliza wa pili. Mshindi, aliyenaswa viatu vyote viwili, alivuka mstari, akasimamisha baiskeli, akaanguka kwa ubavu. Binti aliweka mguu mmoja chini, kisha akamwinua. Kwa hesabu zangu, makofi mengi yalikuwa ya binti.