Siku Niliyopiga King'ora cha Baa

Siku yangu ya kwanza pale baa, kazi yenyewe haikuwa na jina. Tajiri alinikabidhi ufunguo na ndoo ya chokaa akasema, "Wewe unalijua jengo. Anza popote." Nikaanza ukutani, nikaacha, nikaenda milangoni, nikarudi ukutani.

Vijana mnaokunywa pale leo, palikuwa kiwanda cha kamba za mkonge tangu enzi za Mjerumani. Mimi nilikuwa mtu wa boila, yaani nachochea moto wa mvuke, na kupiga king'ora cha zamu, kile cha kuzungusha mpini mpaka bega linauma. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachwa huria, serikali ikajitoa, mashine zikauzwa chuma chakavu, tukaachishwa. Siku ya kufunga Meneja alitukusanya getini: "Nendeni nyumbani. Akipatikana wa kukifufua, king'ora kitawaita." Nadhani aliamini. Sitaki kumsingizia.

Aliyepatikana ni Tajiri, mfanyabiashara wa mchele wa Dakawa. Kazi ya baa nilijifunzia hapohapo. Kaunta, ile meza ndefu ya kuuzia, tuliipiga kwa mbao za presi, mashine iliyokuwa ikibana singa, nyuzi za mkonge, kuwa marobota. Chupa tupu kila aina ina kreti yake. Ukichanganya, dereva wa bia anazikataa. Nilichanganya mara mbili.

Siku ya ufunguzi, saa nane mchana, Tajiri akakiona king'ora. "Mzee, piga hicho! Mji mzima usikie."

"Bosi, hicho kina maneno yake."

"Maneno gani? Kibovu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Hapana, kizima." Kazi nilikuwa nimeitafuta miaka mitatu, niliogopa kuonekana mkorofi. Nikazungusha.

Haikupita saa moja wenzangu wa kiwandani wakaanza kuja kutoka mtaa wa Mafiga. Ovaroli za bluu zimepigwa pasi, kadi za kazi mkononi. Wakapanga foleni getini kwa zamu zao kama zamani. Mbele kabisa Kobelo, msimamizi wetu wa zamu, rafiki yangu. Tulioa mwaka mmoja.

"Boila umewasha saa ngapi, bwana? Sioni moshi."

"Kobelo, hii ni baa."

Akacheka. "Acha utani wako."

Mama Mwanaidi, aliyekuwa akichambua singa, akachungulia ndani, akaona meza na bendera za karatasi. "Jamani, tumeitwa kwenye pombe! Na mimi nimeacha maharage motoni!" Wengine wakacheka. Wengine wakakaa chini palepale.

Niseme haki: Tajiri alipoelezwa alishika kichwa. Aliwapa wote soda, na wanne akawaajiri siku hiyohiyo; Mama Mwanaidi aliendesha jiko lake miaka mingi. Kobelo alikataa soda.

"Ulijua," akaniambia.

"Nilidhani mmesahau."

"Wewe ulisahau?"

Nilifanya kazi kaunta miaka mingi, mpaka mgongo ulipokataa. Wateja wa zamani bado wananisifu, sijui kama wanasema kweli. Siku nyingine najiambia kosa ni la Meneja, au la Tajiri kutouliza zaidi. Halafu nainuka, nazunguka uani, nakaa, nainuka tena. Samahani sijawahi kuisema. Juzi nilimkuta Kobelo msibani, nikasogea, nikafungua mdomo. Akawahi yeye, akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikamweleza habari za mgongo.