Vyuma vya Mpakani

Zamani mtu aliyetaka kukanyaga shamba la mwenzake alisimama pembeni akakohoa mpaka aitikiwe. Siku hizi anaingia na hedifoni masikioni, anaisikiliza ardhi kwa mashine, na mwenye ardhi hamsikii hata akimwita.

Mhunzi aliwaona watu wa namna hiyo kwa mara ya kwanza shambani kwake mwenyewe, na kilichomkera zaidi ni kwamba mmoja wao alikuwa mkwe. Alikuwa mume wa binti wa marehemu mdogo wake, mtu wa ofisini mwenye viganja laini, ambaye siku za kazi aligonga mihuri na siku za mapumziko alijipa cheo cha mtafiti wa mambo ya kale. Alikuja na rafiki zake wawili, kila mmoja na mashine yake: fimbo ndefu yenye kisahani mwishoni, wakiipitisha juu ya udongo kama watu wanaolipiga shamba pasi. Mashine ikilia, walipiga magoti wakachimba kwa vijiko vya bustani. Wakipata kifuniko cha chupa, walikipangusa, wakakigeuzageuza, wakakipiga picha.

Mkwe alivua upande mmoja wa hedifoni, kwa adabu, akaeleza kwamba wanatafuta sarafu za zamani na chochote walichoacha wazee. Mhunzi akamtazama. Mzee mwenyewe kasimama mbele yake, na yeye anatafuta ardhini alichoacha. Hakuuliza nani alifyeka msitu pale, wala nani alijenga wapi. Angeuliza angeambiwa. Lakini watu hawa hawana subira na kitu kinachoweza kuwajibu.

Mkewe Mhunzi alimshauri awakataze tu, yaishe. Yeye akaona kuwakataza ni kuwapa heshima wasiyostahili. Mtu humkataza mwizi. Hawa walikuwa kichekesho. Akawaambia wiki ijayo waje tena, na wasiishie kwake, wavuke mpaka upande wa marehemu mdogo wake, kwani trekta ilikuwa imetoka kulima mashamba yote mawili kwa mpigo na udongo ulikuwa laini.

Nyuma ya nyumba kilisimama kiwanda chake cha uhunzi, kimefungwa tangu watu walipoanza kununua majembe ya dukani, mabati yaliyopakwa rangi, yanayojikunja yakikutana na mzizi. Humo ndani lilibaki pipa la vyuma chakavu: misumari, bawaba, nusu za kufuli, vipini vya sufuria, pete za mapipa. Kabla ya wageni kurudi, Mhunzi alijaza ndoo, akaingia shambani, akarusha huku na huku kama anayemwaga mbegu, akifukia kwa kisigino. Akarudi kujaza tena. Ndoo za mwisho alizimwaga katikati, pale mashamba mawili yanapokutana, ili wachoke kabisa.

"Mzee, umri huu unapanda misumari?" mkewe akamwuliza kutoka mlangoni.

"Napanda watafiti. Ngoja uone watakavyoota."

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Mhunzi naye alicheka. Tangu mdogo wake afe alikuwa hajapata raha ya namna ile.

Na kilichomponza ni hiki. Baba yao, naye mhunzi, alipowagawia shamba hakupanda ua wala hakuweka mawe. Alisema ua husogezwa na jiwe hubebwa, na mdomo wa mtu ndio usiseme, maana kesho unasema vingine. Alichukua majembe matatu yaliyolika kwa kazi mpaka yakabaki vipande, kila kimoja akakipiga alama yake ya patasi, mikato miwili iliyopishana, akavifukia katika mstari mmoja, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kila mwaka, trekta ikishavuruga udongo, ndugu wawili walikuja na ufito mrefu wa chuma, wakachoma taratibu mpaka wasikie ngo ya chuma kwa chuma. Ngo tatu, kamba inavutwa, mpaka umepatikana. Mmoja alichoma, mwingine alishika kamba, na mwaka uliofuata walibadilishana. Hawakuwahi kurushiana neno juu ya ardhi. Binti wa marehemu hakuwahi kufundishwa. Alijua tu kwamba mpaka anaujua Baba mkubwa.

Mhunzi, aliyefua chuma maisha yake yote, alimwaga chuma juu ya vile vyuma akaalika mashine za kutafuta chuma, na wala hakuviwaza. Kwake havikuwa vyuma tena. Vilikuwa mpaka.

Siku ilipofika alitoa kiti, akakaa chini ya upenu kama mtu aliyelipia kiingilio. Mashine zililia kila hatua. Watafiti waliinama, wakachimba, wakainuka, wakainama tena, mashati yamegandamana na migongo. Mhunzi alimwonyesha mkewe yule mnene aliyeinua pete ya pipa kuelekea jua kama bangili ya malkia. Mkewe alisema wangeazimwa majembe, angalau shamba lipate palizi. Hata jua lilipopinda, wale watu walikuwa bado wanachimba pale katikati, na Mhunzi alikuwa bado anacheka.

Walipomaliza walitandaza gunia na kupanga juu yake walivyopata, vidogo kwa vidogo, vikubwa kwa vikubwa. Sarafu hata moja hakuna. Mhunzi akaja na maneno yake tayari mdomoni: hii bawaba ya mlango wa jiko langu, huu mpini wa sufuria ya marehemu mama. Alifungua kinywa, akaviona. Vilikuwa pembeni ya gunia, vitatu, vimetengwa peke yake kwa heshima. Mikato miwili iliyopishana.

Aliuliza vimetoka wapi.

"Huko huko katikati, Baba mkubwa," mkwe akasema, akifuta miwani. "Palikuwa panalia kila mahali, hatukuacha kitu. Lakini usijali, mashimo yote tumeyafukia. Hiyo ndiyo kanuni yetu, shamba linabaki kama tulivyolikuta."

Alisema hayo kwa fahari. Mhunzi aligeuka akatazama. Kweli, walikuwa wamefukia vizuri, wakasawazisha kwa nyayo. Isingekuwa ile ndoo yake, pangekuwa na mashimo matatu tu ya kukumbukwa. Sasa hata mchimbaji mwenyewe asingejua alichimba wapi kufuli na wapi mpaka.

Angeweza kusema pale pale. Lakini kusema kungefuatiwa na swali, taka hizi zote zilifikaje hapa, na yule mnene alikwisha kutamka kwamba misumari mingine ina mafuta ya juzi. Mhunzi asingekubali kuchekwa na watu waliopiga picha kifuniko cha chupa. Akawatakia safari njema. Wakabeba gunia lao wakaenda.

Kesho yake alichukua ufito, akaenda peke yake. Alichoma pale alipodhani, kimya. Akasogea, kimya. Akasogea tena, na ufito ukasema ngo. Labda kulikuwa na cha nne ambacho baba hakuwaambia. Alipiga magoti akachimbua kwa mikono kama wale wale, na kilichotoka ni nusu ya kufuli aliyoipanda mwenyewe. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Hakucheka. Alimwambia, "Nilikwambia uwakataze," akarudi ndani.

Muda si mrefu binti alikuja na habari kwamba msimu huu watalima wenyewe upande wao. Baba mkubwa aliwatunzia vya kutosha, alisema, sasa awaonyeshe tu mstari unapopita. Alikuja na kamba mkononi.

Mhunzi alimzungusha kwa maneno: macho si mazuri siku hizi, trekta imevuruga.

"Wewe nyoosha kidole tu, Baba mkubwa. Utakaposema, hapo hapo. Marehemu baba alisema nisije nikabishana na wewe juu ya shamba."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angenyoosha kidole popote na binti angefunga kamba. Angeweza kumnyang'anya marehemu ardhi, au kumpa ya kwake, na yeye mwenyewe asijue ni lipi amefanya. Mkono ulikataa kuinuka. Akasema waite mpima ardhi.

Binti alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Alikunja kamba yake akaondoka, na Mhunzi alijua anafikiria nini: kwamba mzee ana tamaa, anaogopa kusema ukweli, anataka karatasi.

Mpima ardhi alikuja, kijana wa kutafuna ubani, akavuta utepe, akapanda vigingi vya saruji, akapokea chake akaondoka bila kunawa mikono. Vigingi viko pale mpaka leo. Mhunzi halimi karibu navyo. Ameacha ukanda mpana wa magugu upande wake, na majirani humcheka kwamba uvivu wa uzeeni umeanza. Huwaacha wacheke.

Mara ya mwisho alipoviona vile vipande vitatu vya majembe, vilikuwa ukutani sebuleni kwa mkwe, alikoalikwa kumwona mtoto mchanga. Vimepakwa vanishi, viking'aa kama viatu vya bwana harusi, vimefungwa kwa waya juu ya ubao mwekundu, chini pameandikwa kwa herufi za mapambo: Mabaki ya Kale. Binti alimkaribisha vizuri, kwa adabu ya mgeni. Alimwita "mzee".

Mkwe alimshika mkono akamsogeza ukutani, akamwonyesha alama kwa kidole chake laini. Alisema amewauliza wajuzi wengi na kila mmoja anasema lake: silaha, mapambo, vitu vya matambiko. "Baba mkubwa, wewe ulikuwa mhunzi. Unadhani vilikuwa vya nini?"

Binti aliinua macho kutoka kwa mtoto, akasubiri.

"Vyuma tu," alisema Mhunzi, akaomba kofia yake.