Sangara Niliyepewa kwa Mkono wa Kushoto

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa kali, nami sijaonja hata tone la pombe. Nayaandika kwa shida, maana kila nikifika kwenye lile tumbo la samaki mate yananijaa mdomoni na inabidi niinuke nikateme. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mimi ni mtu wa Nakuru, Kenya. Chuo kikuu nilisomea hesabu, na tangu utotoni swali langu ni moja: nani kasema, na amejuaje? Mchungaji alinichoka. Bibi yangu alinichoka mapema zaidi. Mwaka jana mimi na rafiki zangu wawili, Otieno na Chebet, tulibeba mabegi mgongoni tukavuka mpaka kuja kuizunguka Tanzania. Mwanza tulifikia nyumba ya wageni ya bei nafuu, Nyamagana. Siku ya tatu tukakodi mitumbwi midogo ya plastiki twende kupanda mawe kwenye kisiwa kimoja ambacho jina lake nalihifadhi. Kiongozi wetu alikuwa Masanja, kijana wa kijiji kinachotazamana na kisiwa hicho.

Asubuhi hiyo sikuwa na la kulalamikia. Tulikunywa chai kwa chapati, tukapiga makasia mpaka mabega yakawaka. Chebet alipanda mawe kama pimbi, sisi wanaume tukimfuata kwa magoti. Tuliruka majini kutoka juu ya jiwe refu kuliko nyumba. Ilipofika saa nane njaa ilikuwa inatutafuna, na Masanja akafungua chombo chake: viazi vitamu na maharage.

"Masanja, ndugu yangu," nikasema, "nimetoka Kenya mpaka Ziwa Viktoria kuja kula maharage?"

"Leo samaki hawaliwi, kaka. Kijijini kwetu kuna mtu yuko majini, anaitwa Shija. Leo siku ya sita hajapatikana. Mama yake amekaa chini tu, hanyoi, halali. Hawezi kumaliza msiba bila kitu cha kuzika. Mpaka apate, sisi hatuli samaki."

"Hata kwetu Kisumu ni hivyo," Otieno akadakia. "Kwani samaki wanakula nini huko chini, unadhani? Chapati?"

Mimi nikaanza kupiga hesabu. Nikawaeleza kwamba ziwa ni kubwa, samaki hawana idadi, na maiti ni mmoja. Uwezekano wa kukutana na samaki huyo mmoja ni kama haupo.

"Basi kula hesabu zako," Chebet akasema, na wote wakacheka.

Nikainuka kwa hasira ya njaa, nikazunguka nyuma ya mawe kujisaidia. Huko nikasikia harufu ya samaki anayechomwa.

Palikuwa na kijana amechuchumaa kando ya moto, kavaa sweta la kijani linalochuruzika maji. Nikadhani katoka kuogelea. "Mwangaluka," akanisalimu. Siku tatu za Mwanza zilikuwa zimetosha kunifundisha kwamba hiyo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na saa nane ilikuwa imepita. Nikatabasamu tu. Mkono wake wa kulia alikuwa kauficha ndani ya sweta. Akanipa sangara mdogo, mzima, kwa mkono wa kushoto.

Nani hajui kwamba chakula hakitolewi kwa mkono wa kushoto? Hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi, msomi, sikuuliza kitu.

"Anza na tumbo," akasema. "Ndiko kwenye utamu."

Tumbo halikuwa limesafishwa. Niamini, nililiona, na bado nikalila. Na lilikuwa tamu! Mafuta yalinitiririka mpaka kwenye viwiko, nami nikayalamba. Nilikuwa nimemaliza karibu tumbo lote nilipotafuna kitu kigumu. Nikadhani ni gamba. Nikakitemea kiganjani.

Ulikuwa ukucha. Ukucha wa kidole gumba cha mtu, mnene, wenye ufa toka juu hadi chini, na kipande cha ngozi nyeupe, telezi kama sabuni iliyolowa, kikiwa bado kimeng'ang'ania.

"Umeupata?" akaniuliza.

Hapo ndipo akautoa ule mkono wa kulia. Sikuona vidole. Kiganja kilikuwa kimeliwa mpaka kikabaki nyuzi, kama muwa uliotafunwa.

"Mpelekee mama," akasema. "Kidole chenyewe umeshakimeza."

Akainuka, akaingia ziwani taratibu, kama mtu anayeingia kwake, mpaka nywele zikazama. Hakuna povu lililopanda. Nikaushika moto ule: majivu yalikuwa baridi, yamelowa kama tope. Samaki mkononi mwangu alikuwa bado wa moto.

Utasema ni jua. Mimi pia nilisema ni jua. Lakini jua linaota kucha?

Masanja alipouona ukucha akavua kofia. "Nanga ilimponda Shija kidole mwaka juzi. Huu ni wake. Twende kwa mama."

Nikamsihi anirudishe mjini, nikaoshwe tumbo na daktari. Otieno hakunitazama hata usoni. "Samaki si ulimtaka wewe? Twende."

Mama Shija alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho mekundu, wanawake wamemzunguka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Masanja akamweleza kila kitu, nami nikampa ukucha. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ufa, kisha akauweka mdomoni, kwenye midomo yake, kama mtu anayembusu mtoto mchanga. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Umetapika?" akaniuliza.

"Bado, mama. Nimejizuia."

"Mungu akubariki."

Wakaleta maji ya vuguvugu yenye chumvi. Akatandika khanga mpya mbele yangu, akanishika paji la uso kwa mkono wake mkavu. "Toa, mwanangu. Toa hata kidogo. Ndiye huyohuyo niliye naye."

Nilitapika mpaka nikatoa nyongo. Kila nilipopumzika, yeye aliinama akachambua kwa vidole vyake, polepole, kama anayechambua mchele. "Hii ni chapati," akasema, akaitoa pembeni. "Hiki ni samaki. Kibaki hapohapo."

Shija alizikwa jioni hiyohiyo. Kaburi walilichimba la urefu kamili wa mtu mzima, na ndani yake wakalaza khanga iliyokunjwa na ukucha juu yake. Mama Shija alinyolewa. Masanja aliniambia baadaye kwamba usiku huo alilala, mara ya kwanza tangu mwanawe apotee, na kesho yake kijiji kikala samaki.

Kabla sijaondoka Mama Shija aliniwekea kiganja tumboni. "Hakijatoka chote," akasema. "Basi nenda naye. Ila usimrudishe majini."

Sijaogelea tena. Kila asubuhi naamka na ladha ya mafuta yale mdomoni, mafuta na tope, na mswaki hausaidii kitu. Chebet, ambaye tulikuwa tunakula sahani moja, siku hizi ananipakulia yangu peke yake, na kikombe nilichonywea anakiosha mara mbili. Simlaumu. Hata mimi najichukia ninapocheua.

Na kila mwisho wa mwezi Mama Shija hunipigia simu. Huniuliza hali yangu kwanza, kisha ya mwanawe. "Na yeye anaendeleaje?" Mimi, wa "nani kasema", naweka mkono tumboni na kumjibu, "Anaendelea vizuri, mama. Ametulia."

Ukifika kando ya maji ukaambiwa leo samaki hawaliwi, usipige hesabu. Pokea maharage, ushukuru, ule.