Mgeni wa Ijumaa Tatu

Katika ukoo wetu kuna mtu mmoja tu anayesifiwa kwa kuzurura, naye ni marehemu. Ni babu wa baba yangu. Alitoka Oman ya ndani akiwa kijana, akavuka mpaka Unguja, akapanda bara na misafara, akapita Tabora, akafika Ujiji, akavuka ziwa hadi Manyema. Baadaye alirudi upande huu wa ziwa, akajenga nyumba Ujiji, akapanda ndimu na kulima mpunga. Kwetu Maskati anaitwa Msafiri, na watoto hufundishwa kumtaja kwa heshima. Mimi niliacha skuli mapema, nikauza udi Dubai, nikaendesha lori la Salala, nikakaa Mombasa mwaka mzima bila sababu ninayoweza kuieleza. Mimi sikupewa jina zuri kama lake.

"Yeye alikwenda kutafuta," ami yangu, kaka wa baba na mkubwa wa ukoo, aliwahi kuniambia. "Wewe unakwenda kupotea."

"Alikwenda kutafuta nini, ami?"

"Pembe. Biashara."

"Na pembe alizibeba nani?"

"Wapagazi."

"Kwa hiari yao?"

"Kunywa chai yako, inapoa."

Chai yangu imepoa mara nyingi katika nyumba ile. Nikiwa na swali siwezi kukaa, na hili lilinifuata kila nilipohamia. Mwishowe nikaona ni rahisi zaidi kwenda Ujiji kuliko kuendelea kumuuliza ami. Nikapata kazi ya kupeleka simu Kigoma, na kazi ilipokwisha nikashuka Ujiji kuitafuta nyumba ya Msafiri.

Nyumba yenyewe ilikuwa imebaki ukuta mmoja na mti wa ndimu. Lakini jirani mmoja alinitazama usoni, akacheka, akanipeleka kwa fundi wa mafriji kwenye kibanda cha mabati. Fundi aliinua kichwa, nami nikaona pua ya baba yangu. Hata namna ya kukunja paji la uso ilikuwa ya baba yangu. Msafiri alikuwa babu wa baba yake pia, kwa mwanamke wa Kimanyema ambaye kwetu sijawahi kusikia akitajwa, hata kwa kusengenywa.

Tulikuwa ndugu tangu alasiri ile. Aliniambia kuwa baba yake, kabla ya kufa, alimwachia jambo moja: aende Maskati awasalimu jamaa, aone kama wanawajua.

"Sitaki shamba la mtu," alisema. "Nataka mkubwa wenu aseme mbele za watu kwamba mimi ni wenu. Nikisikia hilo, narudi kwangu."

Mwaka huu akaja. Alikuwa na viza ya matembezi ya mwezi mmoja, akalala katika chumba changu cha kupanga Mabela, godoro lake kando ya langu. Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, nilimpeleka Ghubra kwa ami, ambako ukoo hukutana kwa chakula cha mchana.

Ami alimpokea mlangoni mwenyewe. Alimshika mkono akampeleka mpaka mbele ya majlisi, chumba cha kupokelea wageni, akamkalisha upande wake wa kulia. Haluwa ikaanzia kwake, kahawa ikaanzia kwake. Kwenye sinia ya wali ami alimchambulia nyama kwa mkono wake mwenyewe na kumsogezea minofu.

"Nimepokewa kama mfalme," ndugu yangu aliniambia garini.

Niliwasha redio.

Katika majlisi ya ami, mtu wa nyumbani hakai mbele. Mtu wa nyumbani husimama na dele, lile birika la kahawa, humimina mpaka mgeni wa mwisho atosheke, na akichelewa hukaripiwa. Mimi nina mvi, na bado ndiye mmiminaji. Mgeni ndiye anayechambuliwa nyama, ndiye asiyegusa sahani, ndiye asiyekosolewa. Akimwaga kahawa juu ya zulia, mwenye nyumba atasema zulia lilikuwa na kiu. Ami hakuwa amemfukuza ndugu yangu. Alikuwa amemfungia nje kwa heshima, na hakuna awezaye kulalamika kwamba ameheshimiwa mno.

Ijumaa ya pili kiyoyozi cha majlisi kilikuwa kinadondosha maji. Ndugu yangu akainuka, akakunja mikono ya kanzu. "Ni bomba tu limeziba, mzee. Nipe bisibisi."

"Hasha!" ami akasema. "Mgeni wetu wa Ujiji ashike bisibisi? Kaa, baba, kaa. Tutaita fundi."

"Lakini mimi ndiye fundi."

"Leo wewe mgeni."

Wote wakacheka. Naye akacheka, akakaa chini ya matone. Tulikuwa tumeshapita uwanja wa ndege aliponigeukia.

"Mbona kila nikinyanyua sahani nanyang'anywa?" aliuliza. Nikamweleza. Alisikiliza akitazama dirishani.

"Basi nimekula sana bure," alisema.

Siku zilizofuata hatukutulia. Nilimzungusha soko la Sib, tukanunua ndimu kavu tusizozihitaji, tukakaa ufukweni, tukaondoka. Nilimshauri nimkabili ami waziwazi. Alikataa. Jambo la kulazimishwa, alisema, baba yake asingelitaka. Nami nilikuwa na hasira isiyo na pa kukaa. Nilifikiria hata kurudi kwenye lori la Salala na kumwacha amalize mwezi wake peke yake, jinsi nilivyozoea kuacha mambo.

Ijumaa ya tatu ilikuwa ya mwisho. Alikuwa anasafiri Jumapili. Majlisi ilijaa. Walikuwepo majirani na wazee wawili wa msikitini. Ami akamkalisha palepale mbele. Nikasimama na dele. Sikuwa nimepiga hatua mbili ndugu yangu alipoinuka, akaja, akalichukua dele mkononi mwangu.

"Kaa, mgeni wetu," ami akasema.

"Nimeshakaa sana, mzee."

Akaanza kumimina. Na alikosea. Kwa adabu ya kwetu dele hushikwa kwa mkono wa kushoto, na kikombe hutolewa kwa wa kulia. Yeye alishika dele kwa kulia, kama mtu anavyoshika birika popote duniani, na kikombe akampelekea mzee wa msikitini kwa kushoto. Mzee akakitazama kikombe. Hakukipokea. Vijana kwenye kona wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka.

Nilimwangalia ami. Angeweza kusema zulia lilikuwa na kiu. Ilikuwa rahisi kabisa: kutabasamu, kumrudisha mgeni mahali pake. Uso wake ukabadilika, kisha akapiga kofi gotini.

"Wewe! Mkono wa kulia! Nani kakufunza kumimina hivyo? Unatutia aibu mbele za watu, mtu mzima na ndevu zako!"

Ndugu yangu akabadilisha mikono, dele likagonga vikombe.

"Nani huyu?" mzee wa msikitini akauliza kwa sauti ya chini.

Ami akamtazama ndugu yangu. "Mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Kakulia bara, ndiyo maana hajui. Atajua." Halafu kwa ndugu yangu: "Unangoja nini? Kahawa inapoa. Anza huku."

Akaanza huko. Alimimina kwa wote, na mimi nikakaa, sijui nifanye nini na mikono yangu.

Wageni walipoondoka ami alituzuia. Alikuwa akizungusha tasbihi. Ndugu yangu alikuwa anakusanya vikombe, na safari hii hakuna aliyemnyang'anya.

"Yule mwanamke wa Kimanyema," ami akasema. "Nna swali juu yake. Alikuwa mke au suria?"

"Alikuwa bibi yetu, baba mkubwa."

"Sikukuuliza hilo."

"Aliletwa na msafara akiwa msichana. Kwao hakurudi. Baba alituambia kwamba bibi, alipozeeka, alikuwa akikaa ukingoni mwa ziwa akitazama ng'ambo. Mke au suria, hakuna aliyemuuliza yeye anajiitaje."

Ami akatazama zulia. Nilimngoja aseme chochote. Nilikuwa nimengoja tangu utotoni. Tasbihi ikazunguka, ikazunguka.

"Peleka vikombe jikoni," akasema mwishowe.

Tukaingia garini. Barabara ilikuwa tupu kwa joto. Ndugu yangu aliweka mikono juu ya magoti, akaigeuza, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Umesikia? Mtoto wa ndugu yangu, amesema. Mbele ya wazee wa msikitini."

"Nimesikia."

"Baba atapumzika." Akageukia dirisha. "Lakini yeye bibi bado."

Niliipita njia ya kuingia Mabela, nikaendelea na barabara ya Barka. Hakuniuliza tunakwenda wapi.