Afande Aliyegawiwa Ofisi ya Mawakili

Miaka ile wanajeshi walipogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa, nilikuwa Mbale kwa wakili wa biashara, akiniandikia mkataba wa kinu changu cha unga. Afande akaingia na karatasi ya mgao: ofisi hiyo ni yake sasa. Akafungua makabati yote, akakuta mafaili tu.

"Mali iko wapi?"

"Hapa tunauza ushauri, afande," wakili akajibu.

"Leta ushauri mmoja nione."

"Rudisha hiyo karatasi kwa kamati ya mgao, uombe duka lenye blanketi."

Afande akampigia saluti, akatoka. Tulipoanza tu kucheka, mlango ukafunguka tena.

"Kumbe huo ushauri ndio mali! Kwa nini mliificha?"

Siku hizo watu walikamatwa kwa kuficha sukari. Wakili wangu alikuwa wa kwanza kushukiwa kuficha akili.