Mayai Yaliyolala

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe mimba. Nabeba mtungi wa mbegu za fahali nyuma ya pikipiki, nazunguka kutoka Kianjai mpaka Mikinduri, na wafugaji huniita daktari hata wale wanaojua sikufika huko. Wanaojua pia kwamba nimeolewa siku nyingi bila mtoto husema mganga hajigangi, kisha wanacheka. Nami nacheka nao, kwa sababu ng'ombe bado hajahudumiwa.

Jumapili hiyo mume wangu alitaka nilale. Siku iliyotangulia nilikuwa nimetolewa mayai kliniki, na tumbo lilikuwa bado linauma. Lakini ningekaa kitandani nikiitazama simu, ningemng'ata mtu. Shosho mmoja, bibi kizee wa Kianjai, alipopiga kusema ng'ombe wake ana joto, yaani anataka dume, nilivaa gambuti nikatoka.

Nilichokuwa nakingoja ni hiki. Yai la mwanamke, kama la ng'ombe, huanza kulala kabla mwenyewe hajazaliwa. Kuna protini inayolishikilia usingizini miaka yote hiyo, na kuna nyingine inayotakiwa kuja kumwondoa huyo mlinzi wakati ukifika, ndipo yai likomae. Hayo nilifundishwa chuoni, nikayajibu kwenye mtihani bila kusita. Sikujua nilikuwa najifunza habari zangu. Mara ya kwanza tulipojaribu, mayai yangu yote yalikutwa yamelala fofofo. Safari hii daktari alibadilisha dawa, akasema wazi kwamba yakilala tena hatajaribu mara ya tatu. Jumamosi jioni yalikuwa bado yamelala. Wakayaacha maabarani hadi kesho yake, kwani mengine huamka yakiwa yamechelewa, nikaahidiwa simu.

Nimeambiwa subira huvuta heri mpaka neno heri linanichefua.

Shosho alinipokea akiomba msamaha. "Daktari, pole, nimekuita late. Ng'ombe ilianza kulia asubuhi, lakini mimi nilikuwa naenda kanisa. Singeacha kanisa juu ya ng'ombe."

"Hujachelewa, shosho. Ikilia asubuhi tunaipandisha jioni. Yai yake bado haijatoka."

Niliupasha mrija wa mbegu iliyogandishwa kwa maji ya vuguvugu. Ukishayeyuka hauna kungoja. Unautumia upesi au unautupa. Nikavaa glovu ndefu, nikaingiza mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe kwa nyuma, mpaka karibu na bega, wa kulia ukashika kile chuma chembamba chenye mbegu. Hapo ndipo simu ikalia kwenye mfuko wa ovaroli.

Nikiutoa mkono, mbegu itaharibika, nayo ndiyo ya mwisho mtungini, na ng'ombe atangoja wiki tatu joto lirudi. Nisipopokea, nitapasuka.

"Shosho, toa hiyo simu. Bonyeza hapo kijani, uniwekee kwa sikio."

Vidole vyake vilikuwa na maji ya majani ya ng'ombe. Vilibonyeza hapa na pale, vikawasha spika, na sauti ya binti wa maabara ikajaa zizi zima.

"Tumeangalia saa hii," alisema. "Moja imekomaa. Hizo zingine zote bado zimelala, na hazitaamka."

"Moja?"

"Moja tu, madam. Leo tunaiunganisha na mbegu za mzee wako. Tutakupigia kesho."

Simu ikakatika. Nilihisi aibu, kisha hasira, kisha woga uliovizidi vyote viwili. Sindano zote zile za tumboni, mayai yote yale, na limeamka moja. Hilo likishindwa, basi tena. Shosho alikuwa ameelewa. Mtu aliyezaa na kufuga haelezwi mambo hayo mara mbili. Alibaki ameishika simu yangu kwa mikono miwili.

"Kwani ng'ombe hutoa ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Kila mara?"

"Kila mara, shosho. Mbili ni nadra sana."

Akairudisha simu mfukoni mwangu, taratibu. Alipoongea tena hakuniita daktari. Aliniita mwari, jinsi mama wa kwetu anavyomwita binti yake.

"Sasa mwari, unalilia nini? Maliza kazi."

Sikuwa najua kwamba nalia. Nikatafuta njia kwa vidole, nikaisukuma mbegu pole pole, machozi yakidondoka kwenye mgongo wa ng'ombe, naye akasimama tu, hakutikisika.